Msumeno wa tupa na msumeno wa kutupa

Mwambie Mtanzania yeyote kwamba huko Marekani na Uingereza kuna watu wanaonunua msumeno wa mkono, usio na mota wala waya, kwa dola 200 na zaidi. Atacheka mpaka ashike mbavu. Hayo, atakwambia, ni mambo ya Wazungu waliostaafu, wenye karakana nyuma ya nyumba na muda wa kuchezea. Fundi wetu hana anasa hiyo. Fundi wetu anaingia dukani, anatoa elfu kumi na kitu, anatoka na msumeno wa mpini wa plastiki, anaukatia mbao mpaka uchoke, halafu anautupa na kununua mwingine. Eti ndivyo maskini anavyobana matumizi.

Sikubali. Imani hiyo imesimama kichwa chini miguu juu. Anayetupa kifaa chake kila kikiisha makali ndiye anayeishi kitajiri, tena utajiri wa mtu asiyepiga hesabu.

Uchukue msumeno huo wa dukani uutazame juani. Ncha za meno yake zina weusi unaoelekea bluu, utadhani zimepita motoni. Kweli zimepita. Kiwandani meno yale hupashwa moto kwa umeme kwa muda mfupi sana, yakapozwa ghafla, yakawa magumu kuliko sehemu nyingine yote ya bamba. Makali yake hukaa sana, na muuzaji atakutajia hilo kwa fahari. Asichokutajia ni kwamba ugumu ule unaishinda tupa. Ukiipitisha juu yake inateleza na kulia, na inayoumia ni tupa. Kwa hiyo siku makali yakiisha, msumeno umekufa. Umenunua kitu ambacho aliyekiunda alihakikisha huwezi kukitunza.

Sasa ulete kwenye mbao zetu. Msonobari utaukata vizuri tu, sibishi. Lakini seremala wa Keko, Dar es Salaam, anakata mninga, anakata mkongo, na akibahatika anapata mvule. Mvule una tabia ambayo kila aliyeufanyia kazi anaijua: una mawe ndani. Mawe hasa, madini ya chokaa ambayo mti huyakusanya kwenye nyufa na majeraha yake, nawe huyaoni mpaka uyagonge. Jino lililopitishwa motoni kwa namna ile ni gumu lakini halina unyumbufu, na likikutana na jiwe hukatika. Yakishakatika matatu yanayofuatana, msumeno unaanza kurukaruka na mstari unapotea. Msumeno unaokubali tupa nao utaumia kwenye jiwe hilo hilo, sikatai. Tofauti ni kwamba jioni fundi anaubana kwenye jiliwa, anapitisha tupa bapa juu ya meno ili vimo vilingane, anaingiza tupa ya pembe tatu kwenye kila bonde, anaisukuma mara moja au mbili, anaruka moja, anafuata jingine, kisha anageuza upande. Asubuhi msumeno uko kazini.

Na hapo sijaugusa msumeno wa bei ya chini kabisa, ule ambao meno yake hayajapitishwa motoni lakini bamba lake ni laini kama bati la paa. Huo unanoleka, ndiyo. Unanoleka asubuhi, adhuhuri na jioni.

Tumefikaje hapa? Henry Disston alizaliwa Uingereza mwaka 1819, akapelekwa Marekani akiwa kijana mdogo, na mwaka 1840 akaanza kuunda misumeno yake mwenyewe mjini Philadelphia. Kiwanda chake kilikuja kuwa miongoni mwa viwanda vikubwa kabisa vya misumeno duniani. Disston alikuwa mfanyabiashara kama wafanyabiashara wengine, lakini tazama kampuni yake iliuza nini: msumeno, na pembeni yake tupa ya kuunoa, na vijitabu vya kumfundisha mnunuzi namna ya kuunoa. Biashara nzima ilisimama juu ya dhana kwamba mwenye msumeno ataishi nao. Kule Sheffield, mji wa chuma wa Uingereza ambako jina la Spear & Jackson linarudi nyuma hadi 1760, dhana ilikuwa hiyo hiyo.

Kisha zikaja mashine za umeme. Mafundi wa nchi zile wakahamia huko, na aliyebaki kununua msumeno wa mkono akawa mwenye nyumba anayekata ubao mmoja wa rafu mwaka huu na mwingine mwakani. Huyo hana jiliwa, hana tupa, wala hana haja ya kujifunza. Msumeno wa meno meusi ulimfaa yeye kuliko mtu yeyote, kwa sababu utakaa kwenye stoo yake miaka kumi kabla haujapoteza makali. Yaani kifaa kilichomfaa asiye fundi wa nchi tajiri ndicho tulichompa fundi wa nchi maskini, anayekata kutwa, siku sita kwa wiki, halafu tukamwambia hiyo ndiyo nafuu yake.

Wenyewe huko walishtuka. Katika miaka ya 1990 Wamarekani wawili, Pete Taran na Patrick Leach, walianza kuunda kwa jina la Independence Tool msumeno mdogo wa kukatia viungo vya droo, kwa kufuata misumeno ya zamani. Mwaka 1998 kazi hiyo ikachukuliwa na kampuni ya Lie-Nielsen ya jimbo la Maine. Wengine wakafuata, kama Bad Axe kule Wisconsin, na Sheffield kwenyewe Thomas Flinn wanaendelea hadi leo. Hizo dola 200 zinazotuchekesha zinalipia nini?

Kwenye misumeno mikubwa zinalipia bamba lililosagwa likawa jembamba mgongoni kuliko kwenye meno. Jambo dogo hilo, lakini kwa sababu yake msumeno haubanwi ndani ya mbao, meno hayahitaji kutanuliwa sana, njia inakuwa nyembamba, na bega linapumzika. Zinalipia mpini wa mbao ngumu uliochongwa ukifuata kiganja. Ushike uone: vidole vitatu vinaingia, cha shahada kinabaki nje kikielekea mbele, na ukiunyoosha mkono msumeno unakuwa umeshauona mstari kabla yako. Mpini wa plastiki umepimwa kwa mkono wa mtu asiyekuwepo.

Zaidi ya yote zinalipia meno yaliyopigwa tupa na mtu aliyeuliza kwanza: unakata nini? Meno ya kupasulia kwa urefu wa mbao hukwangua kama patasi ndogo zilizopangwa foleni. Ya kukatia kwa upana huchanja nyuzi kama visu. Anayenoa mwenyewe hulaza meno nyuma kidogo kwa mkongo, huyasimamisha kwa sipresi. Msumeno wa dukani unajua namna moja tu ya kukata, na hutaweza kuufundisha ya pili.

(Tukiwa hapa: wanasiasa wetu hawachoki kutuambia kwamba sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Waulizeni maseremala. Msumeno wa kawaida wa maduka yetu hukata ukisukumwa, ukirudi unasafiri bure. Ule wa asili ya Kijapani hukata ukivutwa. Unaokata kwenda na kurudi ni ule mkubwa wa watu wawili. Labda ndiyo maana sheria nayo huhitaji mtu upande wa pili.)

Najua wapo wanaonunua misumeno hii ya dola 200 wakaitundika ukutani, shaba inang'aa na mpini haujawahi kuona jasho. Hao siwatetei. Mtu anayenunua msumeno wa kazi akauogopea mikwaruzo yuko kundi moja na anayeutupa: wote wawili hawajawahi kuunoa.

Atasimama mwingine aniambie enzi ya mkono imepita, tununue mashine. Tununue, nani amekataza? Kupasua magogo na kunyoosha mbao kwa wingi ni kazi ya mashine na iende huko. Lakini ulimi wa kiti unaotakiwa uingie kwenye tundu lake ukabane bila kugongwa mno, mafundi wengi wanaumalizia kwa mkono, na umeme ukikatika wanaumalizia wote.

Sisemi seremala wa Keko au wa Gikomba, Nairobi, akakope dola 200. Ninachosema ni kwamba kilichomo ndani ya msumeno ule hakihitaji meli. Wahunzi wetu wanafua mapanga kutoka springi za magari. Kwenye viwanda vya kupasua mbao, misumeno ya bendi ikipasuka huishia kwenye chuma chakavu, na ile ni chuma kigumu cha kutosha ambacho bado kinakubali tupa. Vipande vya mninga vinavyofaa kwa mipini vimejaa chini ya kila benchi. Tunachopungukiwa ni mtu anayejua kupanga meno na kuyanoa. Elimu hiyo wanayo mafundi wazee, wale ambao ukifungua visanduku vyao si ajabu kukuta bamba la Sheffield lililonolewa mpaka likawa nusu ya upana wake. Wazee hao wanaondoka, na vijana wao wa kazi hawakuwahi kuuliza, kwa kuwa msumeno wao haukuwahi kuhitaji jibu.

Vyuo vya ufundi stadi vya VETA na karakana zote zinazofundisha useremala viweke jambo moja kwenye mtihani: mwanafunzi apewe msumeno butu na tupa, na asipewe mbao mpaka msumeno ukate. Nawe fundi unayesoma hapa, siku ukienda dukani nenda na tupa yako mfukoni. Omba ruhusa, uiguse kwenye jino la mwisho, lile la karibu na mpini. Ikiuma, ongeeni bei. Ikiteleza, mrudishie mwenye duka msumeno wake.