Andagraundi wa Nani?

Wapenzi wengi wa muziki nchini, wakiwamo wahariri wa kurasa za burudani, wanaamini kwamba anayetaka kusikia muziki wa majaribio, ule ambao redio hazijauchuja, sharti autafute mjini. Aende Mburahati, Dar es Salaam, avuke mpaka hadi Kampala, au aperuzi simu yake usiku kucha. Mkoani Simiyu, kwa Wasukuma, wanasema, kuna pamba, ng'ombe na ngoma za asili. Na wakitamka "ngoma za asili" wanamaanisha kitu kilichotungwa zamani kikaisha, kinachotolewa kabatini kiongozi akizuru Bariadi. Naipinga imani hiyo kwa nguvu zangu zote, maana inawazika watunzi walio hai.

Tazameni jinsi Wasukuma wanavyoshindana. Tangu karne ya 19 vyama vyao vya ngoma vina kambi mbili, Bagika na Bagalu, zilizotokana na waganga wawili mahasimu, Ngika na Gumha. Kiangazi, mavuno yakishatoka shambani, kundi la kambi hii na kundi la kambi ile huingia uwanja mmoja kwa wakati mmoja. Hakuna zamu. Huku wanapiga, kule wanapiga, na watazamaji wanahama kadiri wanavyovutwa. Mwenye umati mkubwa ndiye mshindi.

Sasa jiweke mahali pa manju, ningi kwa Kisukuma chake. Wimbo uliokupa ushindi mwaka jana mpinzani ameshaukariri na jibu lake analo. Ukiurudia, watu wanaondoka mbele ya macho yako. Basi unatunga upya, unabadili mapigo, unatafuta kituko ambacho hakijawahi kuonekana. Wengine huongeza na dawa ya mvuto. Ndiyo maana katika ngoma ya bugobogobo jembe la mkulima linarushwa hewani na kudakwa kwa mdundo. Ndiyo maana wachezaji wa chama cha Bayeye huingia uwanjani na chatu. Ngoma ya wigashe huimbwa watu wameketi, na mimi kila nikiiona namfikiria yule aliyethubutu kwanza kuwaambia wenzake wakae chini. Kila tunachokiita asili leo kina siku kilipokuwa jambo geni, na kuna mtu aliyehatarisha jina lake kukileta. Kama hayo si majaribio, neno hilo lina maana gani? Mjini msanii asipoeleweka anaweza kujifariji kwamba ametangulia zama zake. Uwanjani Maswa au Itilima hana pa kujificha: miguu ya watu imeshahukumu.

Neno andagraundi nalo linatupotosha. Kwetu limekuja kumaanisha msanii ambaye bado hajatoka, anayesubiri redio ya Dar es Salaam imfungulie mlango. Manju wa Meatu hasubiri mlango wowote. Anaimba mbele ya halaiki, anajulikana kwa jina na kwa ukoo, nyimbo zake zinapita kwenye memori kadi na spika za bodaboda kutoka Lamadi hadi Mwanhuzi. Yuko chini ya nani?

Tulishafanya kosa hili la kudharau cha kwetu kwa singeli, muziki ninaoupenda. Kwa miaka mingi tuliuita kelele za vigodoro, muziki wa wahuni. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa albamu ya Sounds of Sisso kutoka studio moja ya Mburahati, Wazungu wakashangilia, ndipo wengi wetu tukakumbuka kwamba ni wa kwetu. Inaniuma kuona tunajiandaa kurudia aibu ile ile.

Wapo wanaosema kwamba nyimbo za Kisukuma za siku hizi, zenye kinanda na ngoma za kompyuta, zimeharibu asili. Hao ni ndugu wa wale wanaodhani Simiyu kuna ngoma za zamani tu: wote wanamtaka Msukuma abaki picha ukutani. Msanii Bhudagala Mwanamalonja anaimba kwa Kisukuma na Kanda ya Ziwa inamsikiliza. Hahitaji kibali cha mtu ili achague ala.

Kwa hiyo, kijana unayetafuta muziki ambao hujawahi kuusikia, subiri pamba iuzwe, panda basi la Bariadi. Fika mnadani, uliza kwenye kibanda cha kurushia nyimbo wiki hii kundi gani linakutana na lipi, na wapi. Utatajiwa kijiji, na mwenye bodaboda atakijua. Beba hela ndogondogo za kumtuza manju, kwa sababu kule sifa bila tuzo ni maneno matupu. Simama katikati ya uwanja ngoma zote mbili zikiwa zimekolea, halafu utazame miguu yako imekupeleka upande gani.