UCHAMBUZI: Dawa za bwawa la kuogelea, bei ya chupa si bei ya klorini

Hoteli, nyumba za wageni na shule zenye bwawa la kuogelea hununua dawa za maji mwaka mzima. Bei ya ndoo inapopanda, wenye mabwawa huanza kuuliza kama jiki ya kufulia na soda ya jikoni haziwezi kufanya kazi hiyo hiyo kwa gharama ndogo. Kwa mfanyabiashara anayevusha mzigo Namanga, Busia, Mutukula au Rusumo, jibu la swali hilo ndilo linaloamua abebe nini na aache nini.

Jibu ni kwamba kwa klorini, mara nyingi jiki si nafuu. Kwa soda, bidhaa ya nyumbani na ya dukani ni kitu kimoja.

Tuanze na klorini. Jiki nyingi ina klorini ya asilimia 3.5 hadi 5, na sehemu iliyobaki karibu yote ni maji. Klorini ya chembechembe inayouzwa kwa ajili ya mabwawa huwa na asilimia 65 au zaidi. Maana yake, kilo moja ya chembechembe ina gramu 650 za klorini, wakati lita moja ya jiki ya asilimia 3.5 ina gramu 35 tu. Kilo hiyo moja ni sawa na lita 18 na nusu za jiki.

Kwa mfano wa hesabu tu, lita ya jiki ikiuzwa shilingi 100, chembechembe bado ni nafuu hadi kilo ifike takriban shilingi 1,850. Hapo nauli haijahesabiwa, na anayesafirisha jiki analipia kubeba maji. Tena jiki hupungua nguvu ikikaa kwenye joto na jua, kwa hiyo iliyokaa wiki nyingi ghalani huenda isifikie asilimia iliyoandikwa kwenye chupa. Jiki yenye manukato au sabuni haifai kabisa kwa bwawa.

Kwenye soda hali ni tofauti. Dawa inayouzwa kwa jina la kiongeza alkali kwa kawaida ni bikaboneti ya soda, ile ile inayotumika kuokea. Bwawa la lita 50,000 linahitaji takriban gramu 840 ili kupandisha alkali kwa miligramu 10 kwa lita, iwe imetoka kwenye ndoo yenye picha ya bwawa au kwenye gunia la muuza vifaa vya mikate. Anayelipa zaidi analipia ndoo na jina.

Dawa ya kupunguza ukali wa asidi katika maji nayo mara nyingi ni soda ya magadi iliyosafishwa, na hiyo huzalishwa hapa hapa katika Ziwa Magadi, Kajiado, nchini Kenya. Lakini mabonge ya magadi ya sokoni, yale ya kulainishia maharage, hayajasafishwa. Kuyauza kama dawa ya bwawa ni kumpoteza mteja.

Asili ya bidhaa ina uzito mkubwa mpakani. Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki humruhusu mfanyabiashara mdogo kuvusha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa na zenye thamani isiyozidi dola 2,000, bila ushuru wa forodha, kwa cheti rahisi cha asili. Risiti ya Nairobi au Dar es Salaam haiibadilishi klorini iliyotengenezwa ng'ambo kuwa bidhaa ya Jumuiya. Wanaodhani hivyo hupigiwa hesabu ya ushuru wakiwa tayari wamelipa nauli. Hata penye msamaha wa ushuru, kodi nyingine za nchi na ukaguzi wa viwango hubaki.

Usalama nao ni sehemu ya gharama. Klorini ya chembechembe huchochea moto ikigusana na mafuta au petroli, na ikichanganyika na asidi hutoa gesi ya sumu. Jiki nayo hutoa gesi hiyo hiyo ikikutana na asidi. Mzigo wa namna hii haupaswi kuwekwa chini ya viti vya basi la abiria, wala kugawanywa kwenye chupa za soda zisizo na lebo, ambazo mtoto anaweza kudhani ni kinywaji.

Kwa hiyo kabla ya kununua, mfanyabiashara asome asilimia ya klorini kwenye lebo, agawanye bei kwa gramu anazopata, kisha aongeze nauli na ushuru. Lebo isiyotaja asilimia haimpi chochote cha kupigia hesabu, na mzigo huo ni heri auache kwa muuzaji.