Hazina ya Marekani Hailiwi na Makarani

Kila mara hazina ya nchi yoyote inapopungukiwa, husikika sauti zikisema kwamba serikali imenenepa mno, kwamba ofisi zimejaa watu wasio na kazi, na kwamba dawa ni fagio. Maneno hayo yamesemwa kwa muda mrefu, na kwa nguvu nyingi, huko Marekani, nchi inayozizidi nyingine zote kwa thamani ya jumla ya pato lake. Hivyo ni vyema mtumishi wa serikali na mwalimu, ambao ndio aghalabu huelekezewa kidole, walifungue wenyewe daftari la nchi hiyo na kutazama fedha zake huliwa na nani.

Mwaka 1929, kabla ya mdororo mkuu wa uchumi, Serikali ya Shirikisho ya Marekani ilikuwa ikitumia kiasi cha dola 3 tu katika kila dola 100 za pato la taifa. Mwaka 1944, vita kuu ya pili ilipopamba moto, zilizidi dola 40. Vita ilipokwisha matumizi yalishuka, lakini hayakurudi yalikotoka: mwanzoni mwa miaka ya 1960 yalikuwa yapata dola 18 katika kila 100, mwaka 1983 karibu 23, na mwaka 2020, wakati wa korona, yakafika kiasi cha 31. Katika mwaka wa fedha 2024 yalikuwa yapata 23, yaani dola trilioni 6.75. Wachumi wawili wa Uingereza, Alan Peacock na Jack Wiseman, walipoichunguza nchi yao katika kitabu chao cha mwaka 1961, waliona mwenendo wa namna hiyo hiyo. Msukosuko mkubwa huwazoesha raia kodi ambayo wakati wa amani wasingeikubali, na msukosuko ukipita, serikali huikuta kodi ingali mkononi na shida mpya zimekwisha kubisha hodi.

Shida hizo mpya ni zipi? Wengi hudhani kuwa ni majeshi. Mwaka 1960 wangekuwa wamesema kweli, kwani ulinzi ulikuwa ukichukua karibu nusu ya matumizi yote ya Serikali ya Shirikisho. Mwaka 2024 ulichukua kiasi cha dola 13 tu katika kila 100, ingawa kwa hesabu ya fedha taslimu hakuna jeshi jingine duniani linalogharimiwa kama hilo. Nafasi iliyoachwa na bunduki imejazwa na uzee, maradhi na deni. Malipo ya Hifadhi ya Jamii peke yake, yaliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1935 chini ya Rais Franklin Roosevelt, yalifikia takriban dola trilioni 1.46. Bima ya matibabu ya wazee iitwayo Medicare, na ile ya maskini iitwayo Medicaid, zote zilizozaliwa mwaka 1965 wakati wa Rais Lyndon Johnson, zinafuata. Mwaka huo huo wa 2024 riba ya deni la taifa iliyapita matumizi ya ulinzi. Ukijumlisha wazee, matibabu, riba na majeshi, umekwisha kuhesabu karibu dola 7 katika kila dola 10.

Hundi ya kwanza ya kila mwezi ya Hifadhi ya Jamii ilitolewa Januari 1940 kwa mama mmoja wa jimbo la Vermont, Ida May Fuller, aliyewahi kuwa mwalimu na baadaye karani katika ofisi ya mawakili. Ilikuwa ya dola 22 na senti 54. Makato yake yote ya miaka mitatu hayakufika dola 25, kwa hiyo hundi ya pili ilitosha kumrudishia yote aliyochanga na ziada. Aliishi mpaka mwaka 1975, akafikisha umri wa miaka 100, na kwa jumla alilipwa karibu dola 23,000. Hakuna aliyekosea hapo. Ndivyo sheria ilivyokusudia kwa wale wa mwanzo. Lakini mwaka 1960 kila mlipwaji mmoja alikuwa na wafanyakazi watano wa kumchangia, na leo hawafiki watatu. Wadhamini wa mfuko huo walikadiria mwaka 2025 kwamba akiba ya wazee itakwisha mwaka 2033, na tangu hapo makusanyo yatatosha kulipa kiasi cha asilimia 77 tu ya haki zao, isipokuwa sheria ibadilishwe.

Basi na watumishi? Tukiacha watu wa posta na wanajeshi, mwaka 1970 Serikali ya Shirikisho ilikuwa na watumishi wapatao milioni 2.2. Mwaka 2024 ilikuwa na karibu idadi ile ile, ilhali raia walikuwa wameongezeka kutoka milioni 203 hadi milioni 340. Kwa hesabu za ofisi ya bajeti ya Bunge la nchi hiyo, mishahara na marupurupu ya watumishi hao wa kiraia katika mwaka 2022 yaligharimu dola bilioni 271, yaani senti nne na ushei katika kila dola moja iliyotumika. Zaidi ya nusu ya fedha hizo ililipwa katika idara za ulinzi, za askari wa zamani na za usalama wa ndani. Asemaye kwamba Washington hufilisiwa na makarani hana budi kueleza zile senti nyingine tisini na tano zilikwenda wapi.

Hatuna budi kuwa wakweli: watumishi wa majimbo na wa serikali za mitaa wameongezeka sana tangu mwaka 1960, na takriban nusu yao wamo katika elimu. Mwalimu wa Marekani hulipwa zaidi kwa kodi za jimbo lake na za mtaa wake, zikiwamo za nyumba na viwanja. Ongezeko hilo linaonekana shuleni, madarasa yanafundishwa, na halihusiani na deni la Washington.

Tena, mara nyingi mtumishi akiondolewa, kazi yake haiondoki. Huhamishiwa mlango wa pili. Mwaka 2023 Serikali ya Shirikisho ilitumia kiasi cha dola bilioni 759 kwa mikataba ya makampuni, kununua vitu na huduma. Katika fedha hizo mna manowari na ndege za kivita, lakini pia mna kazi nyingi za kalamu na karatasi. Mkandarasi hahesabiwi katika idadi ya watumishi, kwa hiyo mwanasiasa aweza kusimama jukwaani na kutangaza kwamba serikali imepungua.

Rais Ronald Reagan alipoapishwa Januari 1981 alisema wazi kwamba serikali yenyewe ndiyo tatizo. Alipunguza kodi, akaongeza fedha za majeshi, wala hakuthubutu kuyagusa sana malipo ya wazee. Katika miaka yake minane deni la taifa likakaribia kuwa mara tatu. Bajeti ilipata ziada mwaka 1998 hadi 2001, na ni kweli kwamba Rais Bill Clinton alikuwa amepunguza watumishi wengi. Ziada hiyo, hata hivyo, ililetwa hasa na kodi iliyopandishwa mwaka 1993, uchumi uliostawi, na matumizi ya kijeshi yaliyoshuka baada ya Urusi ya Kisovieti kuvunjika mwaka 1991.

Jaribio kubwa zaidi lilikuja mwaka 2025. Tajiri Elon Musk, aliyekuwa ameahidi kupunguza matumizi kwa dola trilioni 2, alikabidhiwa fagio, na zaidi ya watumishi laki mbili waliacha au waliachishwa kazi mwaka huo. Mwaka wa fedha ulipofungwa Septemba 30, matumizi yalikuwa yamepanda na kufika takriban dola trilioni 7. Shirika la misaada, USAID, lilivunjwa, ingawa misaada yote ya nje ilikuwa ikichukua kiasi cha senti moja tu katika kila dola. Senti hiyo ilikuwa ndogo Washington. Katika zahanati za nchi kadhaa za Afrika ilikuwa mshahara wa mpimaji na mshauri wa wagonjwa wa UKIMWI.

Sisi wa Tanzania twajua fagio hilo. Katika miaka ya 1990 maelfu ya watumishi wetu walipunguzwa kazini, kwa mashauri yaliyotoka Shirika la Fedha la Kimataifa na Benki ya Dunia, vyombo viwili vyenye makao makuu Washington, na ambamo kura ya Marekani ndiyo kubwa kuliko zote. Wakati ule hatukuletewa daftari la mshauri tulisome.

Februari 2025 ofisi inayosimamia Hifadhi ya Jamii ilitangaza kwamba itapunguza watumishi wake kutoka 57,000 hadi 50,000. Gharama za kuiendesha kazi hiyo hazifiki hata senti moja katika kila dola inayolipwa. Wazee, wajane, yatima na walemavu waliokuwa wakingoja malipo yao mwezi huo walikaribia milioni 70, na wale waliozaliwa kwa wingi baada ya vita wangali wakiendelea kustaafu.