Huzuni ya Kitabu na Ugonjwa wa Msomaji

Katika Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya riwaya ya George Orwell iliyochapishwa Nairobi mwaka 1967, kuna farasi mchapakazi ambaye huanguka kwa uchovu, kisha akapakiwa garini huku wenzake wakiambiwa kwamba anapelekwa kutibiwa. Ubavuni mwa gari pameandikwa kazi ya mwenyewe: mchinja farasi. Wengi waliosoma kitabu hicho shuleni wamekwisha kusahau hotuba za nguruwe, lakini gari lile hawajalisahau. Kwa mhudumu wa afya, sehemu hiyo ina uchungu wa pekee, kwa kuwa uongo wake umepita kwa jina la matibabu.

Riwaya zinazochora nchi ya kubuni ambamo dhuluma imekuwa sheria, au dunia ya kesho iliyoangamizwa na maarifa yake yenyewe, huandikwa ili zimsumbue msomaji. Moyo hudunda, usingizi huchelewa, na kwa siku mbili tatu mtu huwatazama wakubwa wake, simu yake, hata jirani yake, kwa jicho jingine. Mwili haukutengewa mlango mmoja wa hofu ya kweli na mwingine wa hofu ya kitabuni. Tofauti ni kuwa hofu ya kitabuni ina majalada, na msomaji anaweza kuyafunga. Msukosuko huo si dalili ya ugonjwa. Anayemaliza Mzingile ya Euphrase Kezilahabi bila kutikisika hata kidogo, huenda alikuwa akihesabu kurasa tu.

Lakini katika vijiji vya Usambara, kama kwingineko nchini, kuna hukumu iliyozoeleka. Kijana wa sekondari anapoacha kulala, akajitenga na wenzake na kusema maneno yasiyoungana, husemwa kwamba “amesoma sana mpaka akachanganyikiwa.” Daftari hufungiwa sandukuni, kijana hurudishwa nyumbani apumzishe kichwa, na miezi hupita kabla hajafikishwa penye tiba. Kitabu hushtakiwa kwa kuwa ndicho kilichokutwa mkononi.

Sababu ya kosa hilo yaeleweka. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, nusu ya matatizo yote ya afya ya akili huanza kufikia umri wa miaka 14, na skizofrenia, ambayo humpata takriban mtu mmoja kati ya 300 duniani, mara nyingi hujitokeza mwishoni mwa ujana au katika miaka ya ishirini. Huo ndio umri wa kidato na wa chuo, umri ambao kijana husoma kuliko wakati mwingine wowote maishani mwake. Mambo mawili yanapotokea pamoja, jicho hudhani moja limelizaa jingine. Isitoshe, ugonjwa wenyewe huazima mavazi yake popote. Zamani mgonjwa aliamini kwamba redio inamsema yeye. Leo husema ni simu. Aliyesoma riwaya ya Orwell ya mwaka 1949, yenye kioo kinachowachungulia watu majumbani mwao, anaweza kusema kioo hicho kiko ukutani pake. Kitabu kimetoa vazi tu. Mwili uliolivaa ulikuwa umeshaanza kuugua.

Eneo la Mazinde, chini ya ukuta wa milima ya Usambara, kando ya barabara itokayo Mombo kwenda Same, linafaa sana kufikiria jambo hili. Watu wa hapo hawakungoja waandishi wa Ulaya wawafundishe jinsi nchi inavyoweza kupinduka ikawa jinamizi. Baada ya kifo cha Kimweri ye Nyumbai mwaka 1862, ufalme wa Washambaa uliraruliwa na vita vya kugombea madaraka. Mazinde palikuwa makao ya Semboja, mwana wa Kimweri, aliyeshika njia ya misafara. Mateka waliuzwa utumwani, na bunduki zikanunuliwa. Wazee wa Kishambaa walikuwa na maneno ya nyakati mbili zinazopingana, na mwanahistoria Steven Feierman ameyaeleza kwa kirefu: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Hayakuwa maneno ya siasa peke yake. Mvua, njaa, utawala na afya za watu vilisemwa kwa pumzi moja.

Mwaka 1896, huko Lutindi katika milima hiyohiyo, wamisionari wa Kijerumani walifungua makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Muda si mrefu makao hayo yakageuzwa kuwa mahali pa kuwatunza wagonjwa wa akili, na hospitali ya Lutindi ipo hadi leo. Ni vigumu kupata mfano bora zaidi wa jinsi madhara ya nchi na madhara ya mtu binafsi yanavyoweza kulala chini ya paa moja. Hata hivyo, si kitu kimoja, na Kishambaa kilikwisha kuonyesha pa kuanzia kuyatenganisha.

Msomaji aliyeguswa na riwaya ya namna hii huomboleza kubana shi. Huzuni yake inatazama nje: dunia imeharibika, wakubwa wanadanganya, farasi amepelekwa machinjioni. Ana hasira, na bado anataka kumsimulia mtu. Akiitwa mpirani atakwenda, akiandaliwa ugali atakula. Mwenye sonona, huzuni yake imemgeukia mwenyewe: yeye hafai, yeye ni mzigo, kosa ni lake. Hali hiyo humkaa karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi. Usingizi na hamu ya chakula huvurugika, masomo huporomoka, vilivyomfurahisha havina ladha tena. Huyo anahitaji tiba, awe amesoma kitabu au hajawahi kukigusa. Anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au anayeshikilia kwamba watawala wa riwayani wanamfuata yeye hasa, naye aonwe hospitalini bila kukawia.

Lipo pia jambo la mwilini lisilopaswa kusahauliwa katika mazungumzo haya ya vitabu. Uambukizo wa malaria katika Usambara hupungua kadiri mtu anavyopanda mlima, hivyo aliyekulia juu huteremka tambarare akiwa na kinga haba. Kijana mwenye homa anayeweweseka na kutaja mambo ya riwaya apimwe malaria kwanza. Watu husema imepanda kichwani, na kwa hilo hawako mbali na ukweli. Bangi, pombe na kifafa viulizwe vilevile. Kuuliza “amekuwa akisoma nini?” kabla ya kupima joto la mwili ni kuanza kazi kwa nyuma.

Swali hilo la kitabu lina nafasi yake, lakini baadaye. Likiulizwa vizuri hufungua mlango ambao maswali ya dodoso hayaufungui: kijana asiyeweza kusema “nimekata tamaa” huweza kueleza ni mhusika gani anayefanana naye, na kwa nini. Akisema ni yule anayekufa, mhudumu amuulize waziwazi kama naye huwaza kufa. Swali hilo halipandikizi wazo hilo kichwani. Mara nyingi humpunguzia mtu upweke wa kulibeba.

Shuleni, kasoro ni ya aina nyingine. Mtihani huuliza dhamira, wahusika na matumizi ya lugha. Hauulizi kitabu kimemfanya nini msomaji, na hivyo mwanafunzi wa bweni hubaki na gari la farasi peke yake baada ya taa kuzimwa. Shaaban Robert, mzaliwa wa Tanga, alilijua jambo hili vema. Katika Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951, wajumbe sita wanarudi na maarifa ya kuisaidia nchi yao, wakatiwa gerezani. Lakini habari zao zinafika kwa msomaji kupitia kinywa cha Karama, anayezisimulia siku baada ya siku mbele ya baraza zima. Uchungu wa kitabu hicho unavumilika kwa sababu hausikilizwi na mtu mmoja. Mwalimu anayetenga robo saa ya maongezi baada ya sura nzito anafanya kazi ya afya, hata kama hakuna atakayemlipa posho kwa ajili yake.

Wapo wanaotaka kwenda mbali zaidi na kuviandika vitabu hivi kama dawa. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2021 uliona kwamba wapenzi wa filamu za kutisha walipata msongo mdogo zaidi wa mawazo wakati wa janga la UVIKO-19. Inavutia, lakini hizo zilikuwa filamu, na hakuna ajuaye kama filamu ndizo zilizowaimarisha au ni walioimarika tayari ndio huzipenda. Aliye katika sonona kali hana haja ya kupewa dunia iliyoangamia akaisome kitandani, na aliyepitia ukatili achague mwenyewe wakati wa kukutana nao tena kwenye karatasi.

Lililo kubwa zaidi hutokea baada ya tiba. Kijana anapopata nafuu, familia huogopa kumrudisha kwenye madaftari, na mara nyingi binti ndiye anayebaki nyumbani moja kwa moja. Karatasi ya ruhusa hospitalini hutaja dawa, dozi na tarehe ya kurudi kliniki. Ingefaa iwe na mstari mmoja zaidi, ulioandikwa kwa Kiswahili na kusomwa kwa sauti mbele ya mzazi: anaruhusiwa kurudi darasani, na anaruhusiwa kusoma.