Riwaya Haihitaji Kibali cha Mafunzo

Hapa Mwembesongo ukiomba ushauri wa kitabu cha kusoma jioni baada ya kazi, jibu huja upesi: tafuta chenye mafunzo. Kijana aliyemaliza kidato cha nne anapewa kitabu cha namna ya kutajirika, dada wa saluni cha namna ya kuishi na mume, na riwaya ya kijasusi inaitwa kupoteza muda. Imani hii ni potofu, na ndiyo inayowafukuza watu kwenye vitabu.

Chimbuko lake ni mtihani. Shuleni tunasomeshwa riwaya ya Takadini ili tuchote dhamira, ujumbe na falsafa ya mwandishi. Wengine kitabu chenyewe hawakifungui, wanakariri muhtasari tu. Mtu anatoka hapo akiamini kuwa hadithi ni ganda la kumenywa na kutupwa.

Lakini ni nani waliotuzoesha kusoma kwa hiari? Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo mwaka 1965. Elvis Musiba akatuletea jasusi Willy Gamba katika Kufa na Kupona, 1974. Watu waliazimana riwaya za namna hiyo mpaka majalada yakachanika, wala hapakuwa na mwalimu aliyewaagiza. Walitaka kujua nani kaua, basi, na kiu hiyo ikawakalisha na kitabu usiku kucha.

Tena hao wapima mafunzo hukosea vibaya. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilitoka 1971, ikazuiwa shuleni kwa hofu kwamba itaharibu vijana. Baadaye ikafundishwa darasani, maneno yale yale.

Najua hoja ya pesa: kitabu ni ghali, heri kununua chenye faida. Mimi naona hasara ni kile cha mafanikio kilichoishia ukurasa wa kumi, sasa kinakula vumbi kabatini.

Kwa hiyo simama mezani kwa muuza vitabu, usome kurasa mbili za mwanzo. Ukiutamani wa tatu, lipa. Mpenda mapenzi achukue ya mapenzi. Mpenda maajabu amtafute Hammie Rajab na Miujiza ya Mlima Kolelo, maana Kolelo ni ya milima hii hii ya Uluguru tunayoiona kila asubuhi hapa Mwembesongo. Kitabu kikikuchosha katikati, mpe jirani, uchukue kingine.