Skonzi, Malai na Uvivu wa Mikono

Wako watu wasemao kwamba mtu wa siku hizi hana haja ya kujipikia kitu ambacho duka liko tayari kumwuzia. Wakati ni mali, husema, na jiko ni mwivi wa wakati. Maneno haya ni matamu masikioni, lakini ni sumu kwa kijana ayaaminiye. Na tuyapime kwa mfano mdogo: chai ya alasiri katika Devon na Cornwall, kusini-magharibi ya Uingereza, ambako kikombe huandamana na skonzi, jamu na malai mazito.

Skonzi hizo si zile laini za hamira ziuzwazo Kenya. Ni mikate midogo iumuliwayo kwa beking pauda. Gramu 225 za unga, 55 za siagi, 25 za sukari, mililita 150 za maziwa, na vijiko viwili vya chai vya beking pauda, basi. Siagi husuguliwa ungani kwa ncha za vidole, maziwa yakatiwa, donge likakusanywa upesi. Maana ukandaji mwingi huufanya mkate kuwa mgumu. Hukatwa vipande vinene, vikaokwa katika joto la digrii 220 kwa dakika 12 hadi 15. Huyu ni mwivi gani aibaye nusu saa tu? Tena skonzi ina utamu wake siku ile iliyookwa; kesho yake imekwisha kukauka. Anunuaye dukani mara nyingi hununua mkate wa jana kwa bei ya leo.

Mpinzani atajibu kwamba malai yataka siku nzima. Ni kweli. Malai mabichi yenye mafuta mengi hutiwa katika chombo kipana, yakaachwa katika joto dogo, kama digrii 80, kwa saa 12 hivi. Kisha hupozwa usiku kucha, nayo yakafanya utando wa rangi ya dhahabu. Lakini ni nani afanyaye kazi katika saa hizo? Ni moto. Mpishi amelala, au anasoma kitabu chake. Kitakiwacho kwake ni saburi, na saburi haiuzwi dukani. Wala hii si anasa tupu: malai yaliyopikwa hukawia kuharibika kuliko mabichi. Hekima hiyo ya kuyatunza maziwa ndiyo iliyomo katika kibuyu cha mursik cha Wakalenjin, na katika chungu cha samli.

Watu wa Devon hupaka malai kwanza, jamu ikafuata. Wa Cornwall hutanguliza jamu. Wageni huwacheka kwa ugomvi huo. Mimi siwacheki. Mtu hagombani kwa ajili ya kitu asichokijali. Kwa kuwa walikithamini chao, mwaka 1998 jina la malai ya Cornwall lilipata ulinzi wa sheria ya Ulaya: yasiyotengenezwa huko kwa maziwa ya huko, na yenye mafuta chini ya asilimia 55, hayana haki ya jina hilo. Nani angelilinda jina la chakula ambacho hakuna tena ajuaye kukipika?

Simwambii msomaji aige meza ya Mwingereza. Hata chai iliyomo katika vikombe vya huko, nyingi yake imechumwa katika vilima vya Kenya. Namwambia aige mikono yake. Wala wavulana wasijifiche nyuma ya dada zao, kwani njaa haichagui mume wala mke. Ajuaye kupika hununua apendapo. Asiyejua hununua kwa kuwa hana budi, na kila bei atakayotajiwa ataikubali. Wahenga walisema: mtegemea cha nduguye hufa maskini. Na mwenye duka hata si ndugu.