Fito Mbili na Nauli ya Kahama

Ndugu zangu wa Bugarama, kuna mama hapa kwetu ambaye kila asubuhi, kabla jua halijawa kali, hutandika mkeka uani, akaviringisha khanga kuukuu na kuiweka chini ya kifua cha mwanawe aliyelala kifudifudi. Mbele yake anatikisa kopo lenye kokoto. Kichwa kinainuka, kinatetemeka, kinashuka. Kinainuka tena. Mama anahesabu kimoyomoyo; jana alifika kumi na moja. Ukipita njiani utadhani wanacheza. Ile ni tiba.

Mtoto ana mtindio wa ubongo. Alipozaliwa alichelewa kulia, ubongo ukakosa hewa. Wengine huupata kwa manjano makali ya siku za mwanzo, homa ya uti wa mgongo au malaria iliyopanda kichwani. Hakuna aliyeroga, wala mama hakuvunja mwiko wowote. (Nalisema hili kwa sababu nimeyasikia bombani, tena kwa watu wazima.) Mtindio hauponi, ila mwili wa mtoto mdogo hufundishika. Usipofundishwa misuli hukaza, viungo hupinda, na baadaye hata kumvalisha shati huwa kazi.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo humwonyesha mama namna ya kumshika, na namna ya kumkalisha wima anapomlisha uji asije akapaliwa. Kazi yenyewe hubaki nyumbani, siku zote saba za wiki. Na kumfikia huyo mtaalamu ni safari ya hadi Kahama, mtoto asiyeweza kujishikilia yuko mapajani. Sera inasema aliye chini ya miaka mitano hutibiwa bure. Nauli haina msamaha.

Sisi ni watu wa sungusungu, ulinzi ulioanzia huku kwetu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwano ukipigwa usiku kwa ng'ombe aliyeibwa, hakuna anayeuliza ni wa nani, watu wanatoka. Basi na tutoke.

Mafundi mnaofunga matimba kwenye maduara ya wachimbaji, fito mbili sambamba zilizopigwa randa vizuri, za kushikia mtoto anapojifunza kusimama, kwenu ni kazi ya mchana mmoja. Mama atawaonyesha kimo. Wenye Noah, siku ya kliniki mwachieni kiti cha mbele, na mkiweza msimdai. Kina mama, mchukueni mtoto saa moja ili mwenzenu akafue au alale tu. Mwulizeni kwanza anavyoshikwa. Msimvute miguu mkidhani mnamnyoosha. Na kina baba mnaoishi na watoto kama hawa, kopo la kokoto halichagui mkono.

Liko jingine. Mkutano mkuu wa kijiji hutakiwa kuitishwa kila miezi mitatu. Tangu sheria ya madini irekebishwe mwaka 2017, kampuni za madini hutakiwa kukubaliana na halmashauri kuhusu fedha za wajibu kwa jamii. Mkutanoni tumezoea kuomba madarasa na zahanati kwa fedha hizo, na tuendelee. Safari hii ombeni pia mtaalamu wa viungo aje huku walau mara moja kwa mwezi. Njooni mkutanoni mnyooshe mikono. Nikinyoosha wangu peke yake, mtendaji ataliandika ombi hili chini ya "mengineyo".